Nilivyomfundisha Mdogo Wangu Uingereza

Baba mmoja wa hapa hapa Utende alikuja kumtoa binti yake chuoni kwangu kwa sababu ya Mtakatifu Andrew. Ilikuwa baada ya sala ya alasiri, watoto wamekaa mkekani na juzuu zao, naye akasimama mlangoni, hataki kuingia wala kukaa. Salamu alinipa, hilo siwezi kumnyima. Kisha akasema, "Mwalimu, mwanangu jana alikuwa anapepeta mchele huku anaimba. Nikadhani anarudia sura uliyompa. Kusikiliza vizuri, anaimba George wa England, Andrew wa Scotland, David wa Wales, Patrick wa Ireland ya Kaskazini. Hao ni akina nani, mwalimu? Na chuoni wanatafuta nini?"

Nilitaka kucheka, nikajizuia. Nikamwambia ni watakatifu wa Waingereza, kila nchi na wake, na kwamba siwafundishi watoto bali namfundisha mdogo wangu kwa simu; watoto wameokota kwa masikio tu. Maelezo yangu yakazidi kuharibu mambo. "Kwa hiyo ni kweli unawafundisha," akasema, akamshika mtoto mkono wakaondoka. Mimi hasira zangu ziko karibu, Utende nzima inajua. Nilimfuata mpaka njiani nikamwambia kama anaona najenga kanisa, basi aje ahesabu matofali. Wiki ile ile watoto wengine watatu hawakurudi. Leo naona haya kidogo, lakini ndivyo nilivyosema.

Huyo mdogo wangu ndiye kitinda mimba kwetu. Kwa mama tulibaki wawili tu, mimi wa kwanza na yeye wa mwisho, na katikati yetu kuna makaburi manne ya wachanga. Nimembeba mgongoni, nimemsuka nywele, nimemchapa alipostahili kuchapwa. Alipomaliza darasa la saba alipata kazi ya kufua mashuka katika hoteli moja ya wageni, na huko ndiko alikoonana na Mwingereza aliyekuja kuhesabu matumbawe pamoja na watu wa hifadhi ya bahari. Miaka hiyo hifadhi ilituletea wahesabuji wa kila namna: wa kasa, wa papa potwe, wa pweza. Huyu wa matumbawe akasilimu, akatoa mahari, wakaozwa ukumbini kwetu, akamchukua. Mtoto wao wa kiume walimpatia huko huko, katika mji mmoja wa kaskazini wenye jina la kuumiza ulimi.

Kisha mama akaanza kuugua. Ilikuwa sukari, ikaanzia kidole cha mguu. Hospitali ya Kilindoni walimsafisha kidonda mpaka wakachoka, wakampeleka Dar es Salaam, akarudi hana vidole viwili na macho yameanza kumwacha. Mama yangu alizaliwa kisiwani Jibondo, si mtu wa kulialia. Hakuomba dawa, hakuomba chakula hiki wala kile. Alikuwa na ombi moja, na aliliomba kila asubuhi nilipokuwa nambadilishia kitambaa cha mguu: "Mwanangu anakuja lini?"

Mwanawe hakuweza kuja. Sheria za kule mimi sizijui, nasimulia nilivyoambiwa. Kibali chake cha kukaa na mumewe kilikuwa kinakaribia kwisha, na mwanasheria aliwaambia asitie mguu nje ya nchi mpaka apate karatasi ya kudumu. Akitoka na mambo yakamchelewesha huku, anaweza kufungiwa nje, na mtoto yuko ndani. Na karatasi ya kudumu haipatikani bila kufaulu mtihani wa mambo ya Uingereza. Maswali ishirini na manne, dakika arobaini na tano, unakaa mbele ya kompyuta. Ukipata kumi na manane umefaulu. Mdogo wangu alikuwa ameshafanya mara mbili, mara mbili ameanguka.

"Dada, kitabu chao kinene," aliniambia kwenye simu huku analia. "Nikisoma ukurasa wa pili, wa kwanza umeshatoka kichwani. Kuongea naongea nao vizuri, lakini kusoma kunanishinda."

"Umeshindwa kusoma tangu lini wewe?" nikamjibu. "Wewe uliyehitimu Kurani na miaka kumi?"

Na hapo ndipo akili ikanijia, au niseme ujinga ukanijia. Baba yetu alikuwa mwalimu wa chuo, na chuo hiki nimekirithi kwake. Katika watoto wote waliopita mikononi mwake hakuna aliyemshinda mdogo wangu kwa kushika kwa moyo. Umtilie maneno sikioni, mstari mmoja baada ya mwingine, ayumbe mbele na nyuma, atoe sauti, kesho yake anakurudishia yote bila kosa. Vitabu vya shule vilimshinda kwa kuwa hakuna aliyemsomesha hivyo. Nikamwambia, "Nipigie picha kurasa zote, unitumie. Nitakusomesha mimi, kama chuoni."

Alicheka, mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Siku tatu simu yangu ilikuwa inalia tu, picha zinaingia.

Nilikwenda Kilindoni kuzichapisha, kwenye duka la vifaa vya shule la bibi mmoja wa Kihindi ambaye babu yake na babu yangu walikuwa wakiuziana nazi. Alipoziona kurasa zinatoka kwenye mashine akatabasamu. "Mtihani huu naujua. Mpwa wangu kaufanya kule, kafaulu. Nani anaufanya kwenu?" Nikamwambia. Akauliza nitamfundishaje, nikamweleza kwa fahari, mwanzo mpaka mwisho kwa moyo. Akatikisa kichwa. "Hapana, mwalimu. Sharti umchanganyie maswali. Leo umuulize la katikati, kesho la mwisho. Ule mtihani hauna mpango, unarukaruka."

Nikamwambia ahsante. Njiani nikawa nasonya peke yangu. Huyu wa kuuza madaftari ananifundisha mimi kusomesha? Nimesomesha watoto miaka ishirini. Nilikikataa kichwani kile alichosema kabla sijafika nyumbani, na kama mtu ananiuliza leo ni kosa gani naliombea msamaha kila siku, ndilo hilo.

Basi nikaanza kazi. Form Four nilifika, kwa hiyo Kiingereza cha kitabuni nakimudu. Asubuhi maji ya bahari yakitoka nilikwenda kwenye shamba langu la mwani, nikirudi napika, nambadilisha mama, halafu naandika. Kitabu nilikigawa mafungu. La kwanza nchi na miji: England na London, Scotland na Edinburgh, Wales na Cardiff, Ireland ya Kaskazini na Belfast. Maskini mimi, maisha yangu yote nilikuwa naita Uingereza kitu kimoja, kumbe ni nchi nne zimebanana. La pili watakatifu na siku zao, maua na bendera. La tatu milima, mito na maziwa. La nne sherehe: siku ya kula chapati za maji kabla ya mfungo wao, siku ya kuvaa ua jekundu kifuani kwa ajili ya waliokufa vitani, siku ya kuwasha mioto na fataki. Kila fungu nililipangia mwendo, maneno yafuatane, lisikike vizuri, kisha namrekodia kwa sauti kwenye simu, naye anarudia na kunirudishia. Swali kwa Kiswahili, jibu kwa Kiingereza kama lilivyoandikwa.

Nilirekodi ukumbini, kwa kuwa mtandao unashika vizuri pale dirishani, na mama alikuwa amelala hapo hapo. Kwa hiyo alisoma na yeye, atake asitake. Chuo kiko ubavuni mwa ukumbi huo, na watoto wakifika mapema walinikuta bado nayumba. Hivyo ndivyo Mtakatifu Andrew alivyoingia katika mchele wa watu.

Mama alikuwa na maoni juu ya kila kitu. Nilipofika kwenye maua, waridi la England hakulipinga. Ua la Scotland nikamweleza ni la miiba tupu, ukiligusa linakuchoma.

"Wakalichagua wenyewe?"

"Wenyewe, mama."

"Hawana maua mengine?"

Wales wana ua la manjano, lakini mdogo wangu akatuambia kwa simu kwamba jirani yake mtu wa Wales, siku ya mtakatifu wao, hutoka amejibandika kitunguu kirefu kifuani. Mama alicheka mpaka akashika ubavu. "Kitunguu! Sisi mbona tuna vitunguu na hatujisifu?" Nilipomweleza kwamba bendera yao imepangwa misalaba mitatu, ya George, ya Andrew na ya Patrick, lakini joka la Wales halimo kwa sababu bendera ilipobuniwa Wales ilikuwa imeshaunganishwa na England, akatikisa kichwa. "Hawakuulizwa hao," akasema. "Kama sisi Jibondo hifadhi ilipokuja." Kitu kilichomuumiza zaidi kilikuwa mvua. Yeye kakulia kisiwa kisicho na maji, maji yanakuja kwa jahazi, mtoto anapigwa kwa kumwaga kata moja. Kusikia kwamba kule mvua inanyesha mwezi baada ya mwezi, akataka kujua yale maji yote wanayapeleka wapi. Nikamwuliza mdogo wangu. Akajibu kwamba yanakwenda mtaroni. Mama hakulipenda jibu hilo, hata kesho yake alilirudia.

Nasema kweli, siku zile tulikuwa na furaha, na ndiyo maana zinanichoma. Mdogo wangu alikuwa anashika vizuri ajabu. Nikituma fungu jioni, asubuhi ananirudishia zima, sauti yake ile ile ya utotoni, inapanda na kushuka, na nyuma yake nasikia mwanawe naye anafuatiza. Mlima mrefu kuliko yote, Ben Nevis, uko Scotland. Ziwa kubwa la England, Windermere. Kisiwa cha Man kiko baharini katikati yao lakini si sehemu ya ufalme huo, kina sheria zake chenyewe. Alikuwa anamaliza mafungu yote manne bila kupumzika, na mimi nasikiliza nimefumba macho kama baba alivyokuwa akifumba. Hakuna siku niliyomuuliza swali la katikati. Niliona ni kumvuruga.

Siku ya mtihani nilifunga. Nilimwambia mama, "Leo ndiyo leo." Akasema atakaa kwenye dua. Mtihani ulikuwa mchana, nami nikawaruhusu watoto mapema, nikakaa dirishani na simu mapajani. Adhana ya alasiri ikapita. Simu haikulia. Nikajipa moyo kwamba anapewa karatasi yake, kwamba wanampiga picha, kwamba basi limechelewa. Ilipolia nilikuwa nimeenda uani kumtolea mama maji ya kutawadha, nikaacha ndoo katikati ya njia nikakimbia.

"Dada, nimefeli."

Nikakaa pale dirishani.

"Swali la kwanza lilikuwa ni ua la Wales. Nimeanza George, dada. Siwezi kufika kwenye ua la Wales bila kuanza George. Nikaenda, George, Andrew, David, Patrick, siku zao, waridi, la miiba, nikalifikia, nikalibonyeza. Swali la pili likarudi kwenye miji. La tatu ziwa. Kila swali narudi mwanzo wa fungu, nakuja nalo lote. Nikatazama saa, nusu imekwisha, nimejibu manane."

"Ungeenda haraka," nikasema. Ndilo neno nililopata kumwambia.

"Sijamaliza. Akaja msimamizi akainama hapa sikioni. Akaniambia nisinong'one, na nisiyumbe, nawasumbua wenzangu. Dada, nilikuwa sijui kama natoa sauti. Nikafunga mdomo. Nikafunga mdomo, na kila kitu kikaniondoka. Nikawa naangalia tu. Nimejaribu kulipata hata jina la mji wa Scotland bila kutoa sauti, sikulipata. Maswali mengine yote nimebonyeza kwa kubahatisha."

Alikuwa anaongea akiwa nje barabarani, nasikia magari yanapita kwenye maji ya mvua. Nilitaka kumwambia kwamba kosa ni langu. Nilitaka kumwambia kwamba pale Kilindoni niliambiwa, kwa Kiswahili safi, na mtu aliyekuwa hanidai chochote, nikasonya. Badala yake nikamwambia aende nyumbani asije akapata homa.

Nikarudi ukumbini. Mama alikuwa amekaa kitandani wima, uso kaugeuzia mlango, macho yale yaliyokuwa hayaoni tena ila vivuli.

"Amefaulu?"

"Amefaulu, mama."

Wallahi sikupanga. Lilitoka lenyewe. Nadhani nilitaka apate usingizi usiku huo mmoja, kesho nitaona. Mama akasema alhamdulillahi, akairudia mara nyingi sana, akainua mikono. Halafu akaniambia nimtafutie kanga mpya sandukuni, ile ambayo hajaivaa, nimwekee tayari, na godoro la chumba cha ndani nilitoe juani. Kabla ya magharibi majirani wawili walishakuja kumpongeza. Mimi ndiye niliyewapikia chai.

Ijumaa ilikuwa siku yao ya kuongea. Nilijua inakuja, na sikumwonya mdogo wangu. Kila nikishika simu nilishindwa nianze vipi. Alipopiga, mama akaniomba simu, akaibandika sikioni. "Hongera mwanangu. Dada yako kaniambia yote. Unakuja lini?" Mimi nimesimama hapo, nimeinamia simu. Kisha nikasikia sauti ndogo, "Karibuni, mama. Inshallah karibuni." Kisha akamwambia mama anipe simu, na mimi nikaambiwa nitoke nayo nje.

"Umemwambia nini mama?"

"Nilitaka apumzike."

"Na mimi?" Alikuwa halii. Afadhali angelia. "Kule wamenifunga mdomo, na kwa mama umenifunga wewe. Mama ndiye mtu pekee niliyekuwa naweza kumwambia kwamba nimeshindwa. Mwambie kweli."

"Utamuua."

"Basi mwambie wewe, kwani mimi ndiye niliyemdanganya?"

Nikaahidi nitamwambia. Nikaahidi tena wiki iliyofuata. Niliingia ukumbini mara ngapi sijui nimejikaza, namkuta mama ananiuliza kama nazi za kupikia siku ya kumpokea zipo, natoka. Mdogo wangu naye hakuweza kusema uongo ule mara ya pili. Ijumaa ya pili alipiga akaongea dakika moja. Ya tatu alituma ujumbe kwangu kwamba ana kazi nyingi. Ya nne hakupiga. Hivyo nilichompatia mama ni godoro lililoanikwa, na nilichomnyang'anya ni sauti ya mwanawe. Yeye hakuhuzunika. "Yuko kwenye matayarisho," aliwaambia majirani. "Safari ya kutoka kule si mchezo."

Waliomba waongezewe muda wa kibali, na tuliambiwa aliyeomba haruhusiwi kusafiri mpaka ajibiwe. Mwezi ukapita, na mwingine. Kidonda cha mama kikapanda kisiginoni. Ile ndege ndogo ya Kilindoni haipiti juu yetu kila siku, lakini akisikia mngurumo wowote, hata wa boti ya hifadhi ikiwasha injini, anainua kichwa. "Ndiyo hiyo?" Namwambia siyo, mama, labda kesho. Nilikuwa nimeshazoea kusema hivyo, na kuzoea huko kunanitisha kuliko uongo wa siku ya kwanza.

Alikufa asubuhi ya Jumatano. Mimi nilikuwa mwanini, maji ya magoti, nafunga kamba, jirani akaja mpaka ufukweni akawa ananipungia mtandio. Nilipofika alikuwa ameshafunikwa. Jirani akaniambia mama aliomba avalishwe ile kanga mpya, kwa kuwa aliota wageni wamefika, akamvalisha, akalala nayo. Nikamvua mimi mwenyewe wakati wa kumwosha. Adhuhuri ilipoisha wanaume walikuwa wameshambeba.

Nilimpigia mdogo wangu kabla ya maziko, akapokea mumewe, Kiswahili chake kile cha kuhesabu maneno, nikamwambia. Simu akaichukua mwenyewe.

"Alijua?" akaniuliza.

"Hakujua."

"Alidhani niko wapi?"

"Njiani."

Akakata. Nilipiga tena siku ile na siku ya tatu na ya arobaini, akapokea mumewe, kila mara kwa adabu, kila mara ananiambia mkewe amelala, ametoka, anaoga. Nilituma salamu za sauti. Alama zinaonyesha amesikiliza.

Mwaka haujaisha mambo yao yakakaa sawa. Kibali kikaongezwa. Mtihani akaufanya tena, na nilizipata habari hizo siku aliponitumia picha ya karatasi, bila neno. Amefaulu. Mumewe ndiye aliyenisimulia baadaye alivyosoma: jirani mmoja Msomali alikichana kitabu chote vipande vipande, swali moja kipande kimoja, akavitia kwenye mfuko wa plastiki, jioni wanatikisa mfuko wanachomoa. Majuma matatu tu. Alipata ishirini na tatu.

Niliitazama ile picha kwa muda mrefu, jina lake limeandikwa vizuri, na jina la baba. Nikafurahi, Mungu anajua. Nikatoa godoro juani. Nikafagia chumba cha ndani, nikatandika, nikakaa pale kitandani nikamrekodia. Nikamwambia hongera. Nikamwambia kosa lilikuwa langu tangu mwanzo, nikamsimulia duka la Kilindoni na nilivyosonya, nilichopaswa kumwambia siku ile ya mvua. Nikamwambia sasa mlango uko wazi, aje na mtoto, chumba kipo, tutakwenda kaburini kwa mama pamoja. Niliongea sana, mpaka sauti ikanikauka.

Jibu lilikuja siku ya pili, watoto wanaanza kuingia chuoni. Lilikuwa fupi mno, la sekunde chache.

"Nimekusikia, dada. Lakini nije kwa nani? Mimi huko sina mtu tena."

Nikalirudia, nikidhani kuna maneno ya mwisho sikuyasikia. Hayakuwapo. Nikaweka simu chini, nikawaambia watoto wafungue juzuu zao.